Sanduku la Sanaa ya Maumbo kwa Watoto Wadogo: Vijiti na Udongo Vimelibeba, Kitabu cha Rangi Kimeliangusha

Mwenye haja ya jibu la haraka kabla hajatoa fedha zake analipata hapa: sanduku hili linafaa kununuliwa kwa sababu ya vijiti, udongo na sponji zake za kuchapia, na halifai hata kidogo kununuliwa kwa sababu ya kitabu cha kupaka rangi, ambacho kwa bahati mbaya ndicho kilichopewa nafasi kubwa zaidi kwenye picha ya kifuniko. Masanduku ya aina hii huuzwa kwa majina mengi na watengenezaji mbalimbali, huku yaliyomo yakifanana kiasi kwamba aliyefungua moja hashangazwi na la pili. Kwa hiyo nitayapima yaliyomo na kuliacha jina. Nimelitumia pamoja na watoto wa darasa la awali wenye umri wa miaka mitatu hadi sita, umri uleule ulioandikwa kwenye kifuniko, nikiwa na swali moja: mtoto akimaliza kucheza, je, amejua kitu kuhusu umbo lenyewe, au amejua kulitaja jina tu?

Ndani mna vijiti vya mbao vya urefu wa aina tatu, yaani sentimeta 5, 8 na 12; donge kubwa la udongo laini wa kuchezea; sponji nene za kuchapia zenye sura ya duara, mraba, mstatili na pembetatu; chupa ndogo za rangi za kupaka kwa vidole; karatasi za maumbo zilizokwisha kukatwa, zenye gundi upande mmoja; ubao wa plastiki wenye vichomozo vya kutandia rababendi; mkasi butu; kitabu cha kupaka rangi; na kijitabu cha mwongozo kwa mtu mzima. Vijiti vimepigwa msasa vizuri na havichomi vidole, jambo ambalo si la kulipuuza kwa bidhaa za bei ya namna hii.

Nianze na kilicho bora. Mtoto anafinyanga vidonge vya udongo, anavitumia kama viungo, kisha anachomeka vijiti ndani yake mpaka umbo lifunge. Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini ndani yake hakuna namna ya kukwepa kuhesabu, kwa kuwa vijiti vitatu vinadai vidonge vitatu, vijiti vinne vinadai vinne, na kidonge kimoja kikikosekana umbo linabaki wazi na mtoto mwenyewe analiona pengo bila kuambiwa na mtu. Upande ni kijiti alichokishika mkononi. Pembe ni pale alipobonyeza kwa kidole gumba. Watoto ambao walikuwa wakiimba majina ya maumbo kwa sauti moja, bila kosa, walianza kuuliza maswali ambayo wimbo haukuwahi kuwafanya waulize.

Swali la kwanza lilitoka kwa msichana wa miaka minne aliyekuwa akijenga ukuta na paa la nyumba. Alikuwa ametengeneza mraba kwa vijiti vya sentimeta 5, akauegemezea mkono, nao ukalala upande taratibu, pande zote nne zikiwa zilezile na pembe zikiwa zimebadilika. Akausimamisha, ukalala tena. Akaisukuma pembetatu ya paa kwa kidole kilekile, haikusogea. “Mwalimu, huu unalala, hii hailali,” akasema, na kwa sauti iliyoonyesha wazi kwamba aliuona mraba wake kuwa na kasoro. Akachukua kijiti cha sentimeta 8 akakilaza kutoka kona hadi kona. Kilizidi kidogo, kwa sababu ulalo wa mraba wa sentimeta 5 ni kama sentimeta 7 tu, hivyo kona mbili zikavutwa nje. Hata hivyo umbo likatulia, kwani sasa lilikuwa limegawanyika kuwa pembetatu mbili. Hiyo ndiyo siri ya mihimili ya mapaa na madaraja ya chuma, na mtoto huyo aliifikia bila mtu mzima kufungua kinywa. Umbo lililolala nalo si hasara, kwa sababu mwalimu aliye macho atalitumia kuonyesha kwamba pande nne zilizo sawa hazitoshi kuufanya mraba, na kwamba pembe nazo zina neno lao.

Vilevile nasifu uamuzi wa kuweka vijiti vya urefu tofauti, ingawa sina hakika kama mtengenezaji alikusudia kinachotokea. Mtoto akichukua viwili vya sentimeta 5 na kimoja cha sentimeta 12, pembetatu haifungi, hata akivuta udongo mpaka uwe uzi. Vijiti vifupi viwili vinafika sentimeta 10 kwa pamoja, na 10 haiwezi kuivuka 12. Akibadilisha kifupi kimoja akaweka cha sentimeta 8, jumla inakuwa 13 na umbo linafunga kwa shida, likiwa refu na bapa, karibu lilale chini kabisa. Watoto wengi hukataa kwamba hiyo ni pembetatu. Hapo ndipo mwalimu anapopata kazi yake: awaombe wahesabu pande, wahesabu kona, kisha waamue wenyewe. Sijaona kadi ya picha iliyoweza kuzua ubishi wa namna hiyo kati ya watoto wa miaka mitano, na ubishi huo una thamani kuliko majina kumi yaliyokaririwa.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, aliwapa watoto vijiti na njegere zilizolowekwa majini zikalainika, wakajenga maumbo kwa kuunganisha kimoja na kingine. Sanduku hili limebadilisha kiungo tu. Nataja hilo kwa sababu kifuniko kinatangaza “mbinu mpya ya kisasa”, na mnunuzi ana haki ya kujua kwamba sehemu iliyo bora kuliko zote humo ndani ndiyo ya zamani kuliko zote, na kwamba anaweza kuipata hata bila sanduku.

Udongo wenyewe una dosari mbili. Chombo chake hakifungi sawasawa, kwa hiyo ukiachwa usiku kucha unakauka pembeni na kuanza kumeguka. Nilitumia mfuko wa plastiki wa kufungia ndipo ukadumu. Dosari ya pili ni ya maandishi: umetengenezwa kwa unga wa ngano, lakini taarifa hiyo imeandikwa kwa herufi ndogo sana chini ya chombo, ambako mzazi wa mtoto mwenye mzio wa ngano hatafikiria kutazama.

Sponji zinakuja nafasi ya pili, na nilizipenda zaidi kadiri nilivyoendelea kuzitumia. Ni nene, zinashikika vizuri na kiganja kidogo, na hunyonya rangi kwa kiasi cha kutosha bila kutiririsha. Mtoto anaichovya, anaibonyeza kwenye karatasi, anainua, na umbo linabaki. Kinachonivutia ni kwamba chapa moja haimridhishi: atachapa tena sponji ikiwa imezunguka kidogo, kisha ikiwa juu chini, kisha nusu juu ya nyingine, na karatasi yake inajaa pembetatu zilizoelekea kila upande. Hivyo ndivyo jicho linavyozoea kwamba umbo halibadiliki kwa sababu tu limegeuzwa.

Unene wa sponji una faida nyingine ambayo kijitabu hakikuitaja. Sponji wanayoiita ya duara kwa kweli ni silinda fupi. Uso wake wa chini unachapa duara, lakini mtoto akiilaza na kuiviringisha huku imelowa rangi, inaacha ukanda mrefu wenye umbo la mstatili. Mvulana mmoja alipoona hivyo aliigeuza sponji na kuitazama pande zote, kisha akaijaribu ya mraba na ile ya pembetatu kwa ubavu, akakuta zote zinachapa mstatili. Kutoka hapo ni hatua fupi tu kueleza kwamba kitu kigumu kina nyuso, na kila uso una umbo lake. Mtengenezaji angeongeza tufe moja dogo la sponji, mtoto angegundua pia kitu ambacho hakina uso bapa hata mmoja, na ambacho huchapa doa tu.

Sasa niingie kwenye malalamiko, nayo yanaanza na rangi. Katika sanduku zima kila umbo limepewa rangi yake ya kudumu: pembetatu zote ni njano, miraba yote ni nyekundu, maduara yote ni buluu. Wapenzi wa historia ya sanaa watatabasamu, kwa sababu mgawanyo huohuo ndio alioushikilia mchoraji Wassily Kandinsky alipokuwa akifundisha katika shule ya sanaa ya Bauhaus nchini Ujerumani. Mwaka 1923 alisambaza hata dodoso akiwauliza watu ni rangi ipi inayoliafiki kila moja kati ya maumbo hayo matatu. Kwa mchoraji mtu mzima huo ni mjadala mzuri. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni njia ya mkato inayomwondolea haja ya kulitazama umbo. Nikisema “niletee pembetatu”, mtoto ananiletea kitu cha njano. Nikiweka pembetatu niliyoikata mwenyewe kwenye karatasi ya kijani, anaipita bila kuigusa. Mwanahisabati Zoltán Dienes, mzaliwa wa Hungaria, alilijua tatizo hili vizuri, na vipande vinavyohusishwa na jina lake hutengenezwa kwa makusudi ili rangi, umbo, ukubwa na unene vichanganyike, mtoto asiweze kutegemea sifa moja kuibashiri nyingine. Kuchanganya rangi za karatasi kiwandani kusingeongeza gharama yoyote ya maana. Mwalimu anayelitumia sanduku hili hana budi kufanya hivyo mwenyewe, angalau kwenye sponji, kwa kuhakikisha kwamba kila sponji inachovywa katika kila chupa.

Karatasi zilizokwisha kukatwa ni za wastani. Zinabandika vizuri, hazikunjiki ovyo, na mtoto mdogo sana hufurahi kuona kazi yake imekuwa nadhifu. Lakini kukata ndiko kulikokuwa na elimu, na hapa kiwanda kimekata kwa niaba yake. Nilichofanya ni kuwapa watoto wakubwa ile miraba ya karatasi wakiwa na mkasi, kabla hawajabandua karatasi ya nyuma. Wakunje kona kwa kona, wakate kwenye mkunjo, wapate pembetatu mbili. Wazipange upya kwa kuunganisha pande fupi, wapate pembetatu moja kubwa zaidi, au waiteleze moja pembeni mwa nyingine wapate msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ziko sambamba. Kiasi cha karatasi ni kilekile, na umbo limekuwa jingine. Kwa kazi hiyo mkasi uliomo unatosha, ingawa umetengenezewa mkono wa kulia, na watoto wanaotumia kushoto waliutupa mezani baada ya kuutafuna mkunjo badala ya kuukata.

Kitabu cha kupaka rangi ndicho nisichoweza kukitetea. Kina kurasa nyingi, kila ukurasa una umbo moja kubwa lenye macho na tabasamu, na mtoto anatakiwa ajaze rangi ndani ya mstari. Pembetatu zote zina pande tatu sawa na zimekalia msingi wake. Mistatili yote imelala. Hakuna mraba uliosimama kwa ncha. Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, walimu wa Kiholanzi waliowasilisha tasnifu zao katika Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka 1957, walieleza kwamba mwanafunzi anayeanza hutambua umbo kwa sura yake nzima, kama anavyotambua uso wa mtu, na baadaye ndipo anapoanza kulitambua kwa sifa zake, kama vile idadi ya pande na usawa wa pembe. Havuki ngazi hiyo kwa kupevuka tu. Anahitaji kukutana na mifano mingi inayomlazimisha kuziangalia sifa. Kitabu hiki kinafanya kinyume chake, kwa sababu kinampa sura moja na kuirudia mpaka izame. Matokeo nimeyaona kwa macho yangu: niliposhika ukurasa wa pembetatu na kuugeuza juu chini, watoto waliokimaliza kitabu walisema kwamba imeanguka, na wawili wakasimama kuja kuiweka sawa. Macho na tabasamu vinazidisha tatizo, maana kitu chenye uso lazima kiwe na juu na chini.

Kijitabu cha mwongozo kina makosa mawili makubwa ambayo mhariri makini angeyazuia. Kwanza, kinamwelekeza mtu mzima kumfundisha mtoto kwamba mraba na mstatili ni maumbo mawili yasiyohusiana, na kumsahihisha akiuita mraba mstatili. Mstatili ni umbo la pande nne lenye pembe nne za mraba, yaani za nyuzi 90, na mraba unatimiza sharti hilo. Ni mstatili ambao pande zake zote zimekuwa sawa. Hakuna sababu ya kumpa mtoto wa miaka minne fasili nzito, lakini hakuna sababu pia ya kumfundisha jambo ambalo mwalimu wa darasa la juu atalazimika kulifuta. Pili, kinawataka watoto wa miaka mitatu wachore pembetatu kwa mkono huru. Kwa kawaida mtoto huweza kuiga duara akiwa na miaka mitatu hivi, mraba akikaribia miaka minne au mitano, na pembetatu baada ya hapo, kwa kuwa mistari ya mshazari ni migumu kwa mkono ambao bado unajifunza kusimama na kugeuka panapotakiwa. Mtoto wa miaka mitatu anayeshindwa zoezi hilo hajashindwa maumbo. Mpe vijiti, ataijenga pembetatu hiyohiyo bila tabu. Ukurasa mmoja wa kijitabu unastahili sifa, nao ni ule unaopendekeza mtoto apitishe kidole kwenye ukingo wa umbo kabla ya kulichora. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Kiitaliano, aliwafanyisha watoto zoezi la namna hiyo kwa vipande vya mbao vinavyoingia kwenye matundu yake, tangu miaka ya mwanzo ya shule yake iliyofunguliwa Roma mwaka 1907, na bado sijaona zoezi la maandalizi lililo bora kuliko hilo.

Kuhusu ubao wa vichomozo sina mengi. Ni mzuri kwa watoto wa miaka mitano na zaidi, lakini rababendi zilizomo ni hafifu, hukatika zikivutwa mbali, na mtoto akishapigwa vidole mara moja hataki kuurudia. Faida yake moja ya pekee ni kwamba hauwezi kutengeneza duara. Waambie wajaribu, na uwaache wahangaike kidogo. Kila wanapoongeza kona umbo linakaribia duara bila kulifikia.

Usalama haukunipa wasiwasi mkubwa, isipokuwa kwa wenye watoto wadogo zaidi nyumbani. Vipimo vya kimataifa vya vifaa vya kuchezea hutumia chombo cha silinda chenye kipenyo cha milimita 31.7 kupima vipande vidogo, na kipande kinachoingia chote ndani yake hakiruhusiwi kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu kwa sababu kinaweza kumkaba. Vijiti vifupi na vidonge vya udongo vya watoto wetu havikuwa mbali na ukubwa huo, rababendi ndizo hatari zaidi, hivyo umri ulioandikwa kwenye kifuniko uheshimiwe. Rangi za vidole zina alama ya kutokuwa na sumu na zina ladha chungu iliyowekwa makusudi ili mtoto asiendelee kulamba, jambo lililothibitishwa mezani kwetu na mlambaji mmoja aliyekunja uso na kuomba maji. Zilitoka kwenye mikono na meza kwa maji ya kawaida. Kwenye nguo za pamba, nyekundu iliacha alama hafifu.

Kwa mzazi mwenye mtoto mmoja au wawili, nashauri alinunue iwapo anaweza kukaa naye mezani, kwa kuwa vijiti bila mtu wa kuuliza swali hugeuka panga. Kwa mwalimu, sanduku moja linatosha meza moja ya watoto wanne. Wakizidi hapo vijiti vya sentimeta 12 vinaisha na ugomvi unaanza. Mwenye darasa kubwa afadhali anunue vijiti na udongo kwa wingi, akate sponji zake mwenyewe kutoka kwenye sponji nene ya kawaida, na azikate pembetatu za kila aina: ndefu, bapa, yenye pembe ya mraba, na nyingine ambayo hakuna pande zake mbili zinazolingana.